Furaha Isiyohesabiwa: Uradhi wa Ndani na Udugu wa Kweli Katika Zama za Mitandao ya Kijamii

Tarehe 4 Desemba 1963, Mababa wa Mtaguso wa Pili wa Vatikano walitoa Hati juu ya vyombo vya upashanaji habari iitwayo "Inter Mirifica", yaani "Miongoni mwa mambo ya ajabu". Wakati huo walikuwa na mawazo ya magazeti, sinema, redio na televisheni. Jina lenyewe la Hati hiyo linaonesha mtazamo wa Mama Kanisa: uvumbuzi wa binadamu katika uwanja wa mawasiliano ni zawadi, na zawadi hupokelewa kwa shukrani na kutumiwa kwa busara. Zaidi ya miaka sitini imepita. Leo chombo cha mawasiliano kimo kiganjani mwa mkulima, mwanafunzi, katekista na padre. Mtu wa kawaida, ambaye zamani alikuwa msomaji na msikilizaji tu, sasa amekuwa mtangazaji, na jambo analolitangaza zaidi ni maisha yake mwenyewe.

Hapo ndipo linapozaliwa swali la makala hii. Baba aliyetuma mtandaoni picha za ubatizo wa mwanawe hurudi mara kwa mara kutazama ni watu wangapi wamezipenda, hata akasahau kumpakata mtoto mwenyewe. Kijana aliyeimba vizuri kwaya Dominika hurudi nyumbani na huzuni kwa sababu video yake imetazamwa na watu kumi na wawili tu. Mama mwenye "marafiki" elfu mbili mtandaoni anaugua siku tatu asipate mtu wa kumchotea maji. Hakuna hata mmoja wao aliyetenda dhambi kwa kushika simu. Hata hivyo, kila mmoja amepungukiwa na kitu. Wawili wa kwanza wamepungukiwa na uradhi wa ndani, yaani furaha iliyomo katika tendo lenyewe, iwe kuna anayelitazama au hakuna. Wa tatu amepungukiwa na udugu wa kweli, yaani mtu anayekuja. Tuone, ndugu msomaji, jinsi mambo haya mawili yanavyopotea, na jinsi yanavyoweza kurudishwa.

Watoto, kalamu na cheti

Mwaka 1973, wanasaikolojia watatu wa Marekani, Mark Lepper, David Greene na Richard Nisbett, walichapisha matokeo ya utafiti walioufanya katika shule ya awali iliyoko Chuo Kikuu cha Stanford. Walichagua watoto wadogo waliokuwa wakipenda kuchora kwa kalamu za rangi kwa hiari yao, bila kusukumwa na mtu. Kundi la kwanza liliahidiwa kwamba wakichora watapewa cheti kizuri chenye nyota ya dhahabu na utepe mwekundu. Kundi la pili halikuahidiwa chochote, bali baada ya kuchora lilipewa cheti hicho hicho kwa kushtukizwa. Kundi la tatu halikuahidiwa wala kupewa.

Wiki moja au mbili baadaye, kalamu ziliwekwa tena darasani, safari hii bila cheti, na watoto wakaachwa wachague mchezo wanaoutaka. Watoto walioahidiwa cheti walichora kwa muda uliokaribia nusu tu ya ule wa wenzao. Wale waliopata cheti bila kukitarajia, na wale wasiokipata kabisa, waliendelea kuchora kwa furaha kama zamani. Mikono na kalamu zilikuwa zile zile. Kilichobadilika ni sababu ya kuchora. Mtoto aliyekuwa akichora kwa kuwa kuchora ni raha alikuwa amefundishwa kuchora kwa ajili ya cheti. Na cheti kilipoondoka, kiliondoka na raha.

Miaka miwili kabla yake, yaani mwaka 1971, mtafiti Edward Deci alikuwa ameona jambo linalofanana na hilo kwa wanafunzi wa chuo waliopewa mafumbo ya kupanga vipande. Waliolipwa fedha walipoteza hamu ya kuendelea na mafumbo pale malipo yalipokoma. Lakini Deci aliongeza jambo la pili ambalo wengi hulisahau: wanafunzi waliopewa maneno ya kutiwa moyo juu ya kazi yao waliongezeka hamu. Kwa hiyo kusifiwa si sumu. Mwalimu anayetazama daftari la mwanafunzi na kumwambia ni wapi amefanya vizuri anamjenga. Kinachokausha chemchemi ya ndani ni malipo yanayotarajiwa na kuhesabiwa, yanayogeuka kuwa sababu ya tendo.

Kwa nini mkono haubanduki kwenye simu

Mitandao ya kijamii imechukua cheti kile chenye nyota na kukiweka mikononi mwa mabilioni ya watu kwa kila saa ya siku. Alama ya "kupenda", ambayo vijana wetu huiita "laiki", iliwekwa katika mtandao wa Facebook mwezi Februari 2009. Kabla ya hapo, mtu aliyetaka kumpongeza mwenzake mtandaoni alilazimika kuandika neno. Tangu hapo pongezi ikawa tarakimu, na tarakimu hulinganishwa: wewe 14, jirani yako 300. Mwaka 2006 mbunifu mmoja, Aza Raskin, alikuwa amekwisha kubuni ukurasa usio na mwisho, ambao msomaji akiufikia ukingo wake mambo mengine hujileta yenyewe. Kitabu kina ukurasa wa mwisho, gazeti pia. Ukurasa huu hauna mahali pa kumwambia mtu, "Inatosha, nenda ukalale."

Kuna jambo la tatu. Katikati ya karne iliyopita mwanasaikolojia B. F. Skinner aliwachunguza njiwa waliofundishwa kudonoa kitufe ili wapate punje. Njiwa aliyepewa punje kwa mpangilio usiotabirika, leo baada ya kudonoa mara tano, kesho baada ya mara hamsini, ndiye aliyedonoa bila kuchoka. Anayefungua simu hajui atakuta laiki moja, mia moja au patupu. Na kutojua huko ndiko kunakomrudisha. Mwezi Novemba 2017 Sean Parker, aliyekuwa rais wa kwanza wa kampuni ya Facebook, alikiri hadharani kwamba waanzilishi walijua wanatumia udhaifu wa akili ya binadamu ili kupata muda na usikivu wake kadiri inavyowezekana.

Ni vema wazazi na walezi walielewe hilo kabla ya kumkemea kijana kwamba ni mvivu au hana adabu. Kijana huyo anapambana na chombo kilichotengenezwa na watu werevu sana kwa lengo la kumshika asiondoke. Anahitaji kusaidiwa kukielewa, na kuoneshwa jambo bora kuliko hilo.

Ugonjwa wa zamani wenye jina

Chombo ni kipya, lakini ugonjwa ni wa kale. Wamonaki wa jangwa la Misri katika karne ya 4 waliishi bila kioo wala mtazamaji, na bado waliukuta mioyoni mwao. Evagri wa Ponto, aliyefariki dunia mwaka 399, aliuorodhesha miongoni mwa mawazo manane yanayomsumbua mtu wa sala, akauita sifa tupu. Mwanafunzi wa mapokeo hayo, Yohane Kasiano, anasimulia kwamba wazee wa jangwani waliufananisha na kitunguu: ukimenya ganda moja, unakuta lingine chini yake. Mtu akivaa vizuri, anajivunia mavazi. Akivaa matambara, anajivunia unyenyekevu. Akisema sana, anataka asifiwe kwa ufasaha. Akinyamaza, anataka asifiwe kwa ukimya. Hata leo yuko anayetangaza mtandaoni kwamba amejitoa mtandaoni, kisha akarudi kutazama wangapi wamempongeza kwa uamuzi huo.

Mtakatifu Thoma wa Akwino, katika karne ya 13, aliuliza swali hilo kwa utulivu wa mwalimu: je, heri ya mwanadamu yaweza kuwa katika heshima anayopewa na wengine? Jibu lake ni hapana, na sababu anayoitoa inastahili kutafakariwa na kila mwenye simu. Heri ni jema lililomo ndani ya mwenye heri. Heshima, kinyume chake, imo ndani ya yule anayeheshimu. Ni tendo la mwingine. Kuhusu umaarufu anaongeza kwamba unategemea ujuzi wa watu, na ujuzi wa watu hukosea mara nyingi. Tukiyaleta mawazo hayo katika mazingira yetu, laiki iko katika kidole cha gumba cha mtu mwingine. Ameibonyeza akiwa kwenye daladala, pengine bila kusoma ulichoandika. Kuweka furaha yako hapo ni sawa na kumpa mpita njia ufunguo wa nyumba yako.

Stakabadhi iliyokwisha kutolewa

Katika Injili, Bwana wetu Yesu Kristo anazungumzia matendo matatu mema: sadaka, sala na kufunga (Rej. Mt 6:1-18). Anayazungumzia yote kwa muundo mmoja. Wako wanaoyafanya ili watazamwe. Hao wamekwisha kulipwa. Wanafunzi wake wayafanye sirini, mahali ambapo Baba peke yake anaona. Wataalamu wa Maandiko Matakatifu wanatufahamisha kwamba neno la Kigiriki lililotumika hapo kueleza kulipwa ni lile lililoandikwa kwenye stakabadhi za wafanyabiashara wa enzi hizo: fedha imepokelewa yote, hakuna deni tena. Aliyetaka kuonwa, ameonwa. Hesabu imefungwa. Hakuibiwa, alipata alichokitaka; huzuni ni kwamba alitaka kitu kidogo mno.

Mtu anaweza kuuliza: je, katika Hotuba hiyo hiyo ya mlimani, Yesu hakuwaambia wafuasi wake nuru yao iangaze mbele ya watu (Rej. Mt 5:14-16)? Ndiyo, na maneno hayo mawili hayapingani. Katika la kwanza, watu wanaona tendo jema na macho yao yanapanda hadi kwa Baba. Katika la pili, macho yanakwama kwa mtendaji. Kwa hiyo kipimo hakipo katika kuonekana au kutoonekana, bali katika mahali ambapo jicho la mtazamaji linaelekezwa. Parokia inayotangaza mtandaoni ujenzi wa zahanati ili waamini wachangie, inawasha taa. Lakini tufikirie picha tunazoziona mara nyingi: mjane amesimama na mfuko wa unga, amezungukwa na watu wenye fulana zinazofanana, wote wanatabasamu isipokuwa yeye. Unga ataula kwa wiki moja. Picha itabaki mtandaoni miaka yote, na wajukuu wake wataikuta. Msaada uliotolewa kwa namna hiyo umechukua kitu kwa mkono mwingine, nacho ni heshima ya mtu aliyeumbwa kwa sura na mfano wa Mungu. Anayetafakari jambo hilo ataona kwamba siri ya sadaka haimlindi mtoaji peke yake dhidi ya majivuno. Inamlinda pia anayepokea.

Watakatifu wawili wa siku moja

Tarehe 7 Septemba 2025, Papa Leo XIV aliwatangaza vijana wawili Waitaliani kuwa watakatifu katika Ibada moja: Pier Giorgio Frassati na Carlo Acutis. Wakiwekwa bega kwa bega, maisha yao yanatufundisha pande zote mbili za somo hili.

Pier Giorgio alizaliwa Torino mwaka 1901. Baba yake alikuwa mmiliki wa gazeti kubwa la "La Stampa", hivyo kama kuna kijana ambaye angeweza kutangazwa kila siku kwa matendo yake, ni huyo. Alijiunga na Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, akawatembelea wagonjwa na maskini majumbani mwao, akiwapelekea chakula na dawa kwa fedha zake za matumizi. Nyumbani hakusema. Mwaka 1925 alishikwa na ugonjwa wa polio, na akiwa kitandani, mkono ukiwa umekwisha kupooza, alimwandikia rafiki yake kikaratasi akimwomba ampelekee mgonjwa mmoja maskini sindano zake za dawa. Alifariki dunia tarehe 4 Julai akiwa na umri wa miaka 24. Siku ya maziko, familia yake ilishangaa kuona mitaa imejaa maelfu ya watu, wengi wao maskini wasiowafahamu. Maskini nao walishangaa kujua kwamba kijana waliyemzoea alikuwa mtoto wa tajiri yule. Miaka yote hiyo habari nzuri kuliko nyingi ilikuwa ikitendeka ndani ya nyumba ya mwenye gazeti, wala haikuandikwa.

Carlo alizaliwa mwaka 1991 na kufariki dunia kwa saratani ya damu tarehe 12 Oktoba 2006, akiwa na umri wa miaka 15. Alipenda kompyuta, akajifunza mwenyewe kutengeneza tovuti, na kazi yake inayofahamika zaidi ni mkusanyo wa habari za miujiza ya Ekaristi Takatifu. Inasimuliwa kwamba alijiwekea kikomo cha saa moja kwa wiki cha michezo ya kompyuta, kwa sababu aliona jinsi watu wanavyoweza kumezwa nayo. Hayati Papa Francisko alimtaja katika Wosia wa Kitume "Christus Vivit", yaani "Kristo Anaishi", wa mwaka 2019, kama mfano wa kijana aliyeijua dunia ya kidijitali bila kuwa mtumwa wake. Ukiitazama kazi ya Carlo, unaona jambo moja: hakujionesha mwenyewe. Alikuwa na kitu anachokipenda, akataka wengine nao wakipende.

Mmoja alificha wema wake, mwingine aliutumia mtandao waziwazi. Kinachowaunganisha ni kwamba furaha yao haikungoja hesabu ya watazamaji.

Karatasi, wino na uso

Tuje sasa kwa upande wa pili, yaani udugu. Kanisa halijawahi kudharau mawasiliano ya mbali. Sehemu kubwa ya Agano Jipya ni barua. Hata hivyo, waandishi wa barua hizo walijua mpaka wake. Mwandishi wa Waraka wa Pili wa Yohane anamalizia kwa kueleza kwamba anayo mengi ya kusema, lakini hataki kuyasema yote kwa karatasi na wino; anatumaini kufika na kuzungumza nao ana kwa ana, ili furaha ikamilike (Rej. 2 Yoh 12). Barua ilikuwa njia ya kungojea uso, na utimilifu wa furaha ulisubiri mlango ufunguliwe.

Tafiti za siku zetu zinaelekea huko huko. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard juu ya maisha ya watu wazima ulianza mwaka 1938, na umewafuata watu wale wale kwa miongo mingi. Watafiti waliona kwamba namna watu walivyoridhika na mahusiano yao wakiwa na umri wa miaka 50 ilitabiri afya yao ya uzeeni vizuri kuliko kiwango cha kolestro katika damu. Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania walichapisha matokeo ya uchunguzi wa wanafunzi 143. Baadhi yao walipunguza matumizi ya Facebook, Instagram na Snapchat hadi dakika kumi kwa siku kwa kila mtandao. Baada ya wiki tatu, upweke na sonona vilikuwa vimepungua kwao kuliko kwa wenzao walioendelea kama kawaida. Jambo la kushangaza ni kwamba mitandao hiyo ndiyo inayoahidi kuondoa upweke.

Sisi tunaweza kuliona jambo hili katika msiba. Habari ya kifo inapofika leo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo au la parokia, ndani ya dakika chache pole zimejaa na alama za mikono iliyounganishwa. Rambirambi zinatumwa kwa simu, jina la mchangiaji linaandikwa kwenye orodha, kiasi kikiwa pembeni yake. Kwa aliye Muscat, London au mkoa wa mbali, hilo ni jema na ni la haki. Ndivyo anavyoweza kuwepo. Shida ni pale ambapo anayeishi nyumba ya tatu naye anatuma alama ile ile, na kuona amekwisha kuhani. Msiba wetu tangu zamani ulikuwa na kazi za mikono: kupasua kuni, kuteka maji, kuosha masufuria, kulala matanga na mfiwa ili usiku usimtishe. Yule anayeketi mkekani bila kusema neno anampa mfiwa kitu ambacho maneno mia moja kwenye kioo cha simu hayakibebi. Ndiyo maana wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na kwamba undugu ni kufaana, si kufanana.

Hazina tuliyo nayo tayari

Mwaka 1976, Maaskofu wa nchi za Afrika Mashariki walioungana katika AMECEA waliamua kuzipa kipaumbele Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo. Simu ya mkononi haikuwepo. Walichokitaka ni kwamba Mkristo asipotee katika umati wa parokia kubwa, bali awe na nyumba kumi au kumi na tano ambazo watu wake wanamfahamu kwa jina, wanasoma naye Neno la Mungu, na wanajua leo mtoto wake anaumwa. Bila kukusudia, walitutengenezea dawa ya upweke wa karne hii kabla ugonjwa haujafika.

Lakini dawa ikiwekwa kabatini haiponyi. Katika parokia nyingi, jumuiya iliyokuwa ikikutana kila wiki sasa ni kundi la WhatsApp lenye watu themanini, na wanaohudhuria sala ni akina mama saba. Wengine "wanahudhuria" kwa kuandika "Amina". Katika ujumbe wake wa Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni mwaka 2019, uliojengwa juu ya maneno ya Mtume Paulo kwa Waefeso kwamba sisi ni viungo, kila mmoja kiungo cha mwenzake (Rej. Efe 4:25), Papa Francisko alifundisha kwamba mtandao ni rasilimali pale unapotuandaa kukutana au unapoendeleza kukutana kulikokwisha kufanyika. Tarehe 28 Mei 2023, Baraza la Kipapa la Mawasiliano lilitoa tafakari yenye kichwa "Kuelekea Uwepo Kamili", ikitumia mfano wa Msamaria mwema. Msamaria alimwona majeruhi kama wenzake walivyomwona. Tofauti yake ni kwamba alisimama, akashuka, akagusa. Kundi la jumuiya linalosema, "Baba fulani amelazwa, kesho saa kumi tunakwenda," limeitumikia njia ya Msamaria. Kundi linaloishia kwenye "Ugua pole" limepita upande wa pili wa barabara, ingawa kwa upole.

Mambo machache ya kuanza nayo

Kwanza, kabla ya kutuma kitu mtandaoni, mtu ajiulize: je, ningelifanya jambo hili kama hakuna ambaye angelijua kamwe? Jibu likiwa ndiyo, furaha ya tendo iko salama, na kulishirikisha hakutaidhuru. Likiwa hapana, asubiri kidogo.

Pili, kila wiki tutende jema moja la siri kabisa, ambalo hata mwenzi wa ndoa halifahamu. Mwanzoni moyo utawashwa kusema. Baadaye mtu huanza kuonja utamu wake, kwa maana jema hilo halina ushahidi mwingine ila Mungu na dhamiri.

Tatu, tuondoe tarakimu pale inapowezekana. Tangu Mei 2021, Instagram na Facebook huwaruhusu watumiaji kuficha idadi ya laiki. Ni kitufe kidogo chenye faida kubwa, hasa kwa kijana anayejilinganisha na wenzake.

Nne, simu isikae mezani wakati wa chakula, wala mkononi wakati wa sala ya jumuiya. Wazazi waanze wao. Mtoto anayemsimulia baba yake habari za shule huku baba akitazama kioo, anajifunza mapema kwamba kioo kina thamani kuliko yeye.

Tano, tugeuze ujumbe kuwa sauti, na sauti kuwa ziara. Watafiti Amit Kumar na Nicholas Epley waliona, mwaka 2021, kwamba watu huogopa kumpigia simu rafiki wa zamani wakidhani patakuwa na ukakasi. Wanapopiga, huhisi ukaribu zaidi kuliko wanapoandika, na ukakasi waliouogopa haupo. Kila Dominika mtu achague jina moja katika simu yake, la mzee, mgonjwa au mwenzake waliyekosana, ampigie au amtembelee.

Sita, tusiache kusifiana. Upungufu wa sifa ya kweli ndio unaowapeleka vijana kutafuta ile ya bandia. Mwalimu wa kwaya amwambie mwimbaji ni ubeti gani aliouimba vizuri. Paroko amshukuru kwa jina mama anayefua nguo za altare. Sifa ya namna hiyo hutoka kwa mtu aliyetazama kwa makini, na ndiyo ile Deci aliyoiona ikiongeza hamu ya kazi.

Hitimisho

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Tendo jema lina utamu wake lenyewe, na halihitaji kuzungushwa sokoni ili lithibitishwe kuwa tamu. Anayejua hilo anaweza kutumia mtandao kwa uhuru, kwa sababu hauombi umpe kile ambacho tayari anacho. Mtoto anayebatizwa ni mwana wa Mungu kabla picha haijapigwa. Wimbo uliosikika mbele ya Altare umefika ulikotumwa, hata kama video yake ilitazamwa na watu kumi na wawili.

Na yule mama aliyeugua siku tatu bado yupo, katika kila jumuiya ya jimbo letu. Yamkini amekwisha kuandikiwa pole nyingi. Anayemngojea ni mtu mwenye ndoo ya maji.